Zamu ya Papa Anselme

Patroni wetu wa zamani alizikwa juma lililopita, nami nilikwenda kukaa matanga kwake, pale mtaa wa Saio, maana mtu akifa, hata yule uliyekuwa unamnunia unakwenda. Nikapewa kiti cha plastiki karibu na wamama wa kanisa lake. Mhubiri akasimama, akasema marehemu alikuwa mtu wa haki: hata wakati wa vita, mji ukiwaka moto, hakukosa kulipa watu wake mwisho wa mwezi. Watu wakaitika amina. Mama mmoja kando yangu akanigusa goti. "Si weye ulikuwa unatumika kwake kwa biro? Ile anasema ni kweli, ee?" Nikamjibu ni kweli, nilikaa ofisini kwake, alikuwa analipa. Sikudanganya. Lakini toka hapo niliangalia vidole vya miguu yangu mpaka sala ikaisha, na nilipofika nyumbani chakula kilinishinda. Watoto wangu wakadhani ni uchungu wa msiba. Uchungu gani! Ilikuwa haya, aibu tupu. Haya ya zamani ina ubaya huu, haizeeki pamoja nawe: wewe unaota mvi, yenyewe inabaki msichana.

Mambo ya ukoo wangu nayaacha, hayana faida hapa. Mwaka ninaousema ni ule ambao vita vya Ituri viliacha kuwa habari za vijijini, vikaingia Bunia kwenyewe. Nilikuwa nimetoka tu kumaliza sekondari, sehemu ya komersiali, yaani biashara na hesabu, na mhasibu wa kiwanda cha mikate alikuwa amekimbilia Kampala na familia yake. Patroni akaulizia kanisani kama kuna mtoto anayejua hesabu na asiyeiba. Nikapelekwa mimi. Nikapewa meza, kiti chenye mto, na dirisha lililotazama uani, ambako kuni zilipangwa na mifuko mitupu ya unga ilianikwa kwenye kamba. Nyuma kulikuwa na chumba cha kukandia, giza na joto, harufu ya chachu ikikupiga usoni ukiwa bado mlangoni, na baada yake tanuru. Kazi haikusimama hata siku mji ulipobadilisha wenye kuutawala. Walioushika asubuhi walikula mkate, waliowafukuza mchana nao walikula mkate, na wote hawakulipa. Unga ulikuwa unatoka Uganda kupitia Ariwara, kwa dola, na bei yake ilipanda kila dereva alipokuta kizuizi kipya njiani. Mishahara tulilipa kwa shilingi za Uganda, noti laini kama kitambaa.

Kingine nilichopewa ni nafasi kwenye meza ya Patroni. Wanaume wa tanuru walikula uani, fufu na mboga za lengalenga, wakichutama kuzunguka sahani moja. Mimi niliitwa ndani, kwenye chumba chenye kitambaa cha nailoni kilichochorwa matunda, nikala na Patroni na mke wake samaki wa Kasenyi, wali siku ya Jumapili, na chai ya maziwa. Mji ulikuwa umejaa wasichana waliosoma kunishinda, wanauza chumvi kwa kijiko barabarani. Nilijua hilo vizuri sana. Kila nilipovuta kile kiti nilijiambia, shika, usiachie. Leo watu wa hapa wananiita mama mkali wa makaratasi, kwa sababu kwenye shule ninakolipa walimu siwezi kumkata mtu hata kidogo bila kumwonyesha stakabadhi ya pale fedha zilikokwenda. Wanadhani nilizaliwa hivyo. Nani kawaambia? Nilizaliwa mwoga, na nilipenda samaki.

Sasa haya mambo ya kukatwa. Sheria ya kazi tuliifundishwa shuleni, na nilipata alama nzuri. Mfanyakazi anakatwa sehemu ndogo ya mshahara kwa ajili ya Kese, hazina ya serikali ya pensheni na ajali za kazini. Mwajiri naye anaongeza sehemu yake, iliyo kubwa zaidi, kutoka mfukoni mwake, na zote mbili zinapelekwa pamoja kwa jina la kila mtu. Tena mwajiri huyohuyo analipia dawa, anatoa posho ya nyumba na ya watoto. Hapo kwetu tulifuata mstari wa kwanza tu. Kukata tulijua; kuongeza tulisahau. Na hata hicho kilichokatwa hakikuwa na pa kwenda. Tangu barabara zilipofungwa, wakubwa wa Kese walikuwa wameondoka, na ofisi yao ililaliwa na wakimbizi. Nilikuwa nikipita pale asubuhi, wamama wanasonga fufu kwenye veranda, nguo za watoto zimeanikwa madirishani. Nilipomuuliza Patroni tufanye nini, alisema, "Weye ukate. Sheria haikufa ju ya vita. Nitachunga hapa mpaka amani irudi." Nadhani siku ile alimaanisha hivyo. Hakuwa mtu mwovu, alikuwa mtu aliyebanwa, na mtu aliyebanwa anaanza kwa kuazima.

Wanaume hawakuwa wajinga. Jumamosi moja ya malipo walisimama uani, hakuna aliyekuja dirishani. Mbele yao alikuwa Papa Anselme, fundi mkuu wa tanuru, mtu mrefu, nywele za mikono zimeungua zote, sauti ya chini mpaka lazima umsogelee. Kwao ni Boga, upande wa Semliki; mke wake na watoto wawili walibaki huko kulima, yeye akipanga chumba hapa mjini na kuwatumia sabuni na chumvi. Aliniita mamzele, yaani binti wa heshima, na mimi umri wangu ulikuwa wa kifungua mimba wake kama angeishi. "Mamzele," akasema, "hatuna fujo. Tunauliza tu. Biro ya Kese iko na wakimbizi ndani. Sasa ile munatukata inaendaka wapi?" Patroni alikuwa mlangoni pa stoo, ameegemea magunia. Akanitazama. "Uwaelezee. Si weye umesoma?"

Ningeweza kusema: inabaki hapa, na sijui itakuwaje. Maneno machache tu. Badala yake nikatafuta kitu cha kuwatuliza, nikakipata, na nikajiona nina akili. Likelemba kila mtu kwetu anaijua: mnatoa kila mmoja kidogo, yote anapewa mmoja, mara nyingine anapewa mwenziwe, mpaka wote wamepata. Ndiyo imesomesha watoto na kuezeka nyumba za mabati nchi nzima. Nikasimama dirishani, nikasema kwa sauti ya mwalimu, "Mufikiri tu ni likelemba. Kila mutu anatoa, Patroni yeye njo anachunga feza. Haiko ya kupotea." Nikaona mabega yao yanashuka. Kijana wa kukanda akauliza, "Kwa hiyo siye wenyewe tunaweza kupanga zamu?" Nikamtazama Patroni. Hakuitika, hakukataa. Alitabasamu kidogo na kuangalia saa yake. Nikasema, "Mutapanga. Mungojee tu ikuwe nyingi. Pasaka ikishapita hivi." Basi wakaja mmoja mmoja, wakapokea, wakaweka alama ya kidole. Mchana Patroni alinisifu mezani. "Huyu mutoto iko na kichwa," akamwambia mke wake, na nikapewa kipande cha tumbo la samaki, chenye mafuta.

Kumbe wao hawakucheza. Siku hiyohiyo walipiga kura kwa namna yao ya waokaji: wakafinyanga mikate midogo, mmoja kwa kila mtu, ndani ya mmoja wakaficha punje ya haragwe, wakachanganya, wakaoka, kila mtu akachagua wake na kuuma. Nilisikia kelele kutoka tanuruni, miluzi, vibao vya mgongoni, "Boga imekula! Boga imekula!" Haragwe lilikuwa limempata Papa Anselme. Zamu ya kwanza ni yake. Akaja dirishani mwangu, meno yote nje, ananionyesha ile punje kwenye kiganja, akaniletea na mimi mkate mdogo wa moto kwa sababu, alisema, nimewafungulia macho. Niliula. Ulikuwa mtamu. Nilijiambia, wacha wafurahi, vita vikiisha mambo yatajipanga yenyewe.

Toka siku ile Papa Anselme akawa mtu wa mipango. Alipoleta hesabu ya mikate asubuhi alibaki dirishani kidogo, ananieleza: zamu ikifika atalipa lori, atatoa mke wake Mama Neema na watoto Boga, atawapitisha mpaka Uganda kwa dada yake, maana habari za Boga zilikuwa zinaharibika kila siku ya soko. Alikuwa na dereva rafiki yake aliyekuja kupakia mikate ya Komanda. Siku moja nikawasikia chini ya dirisha langu, wanavuta tumbako. Dereva akasema, "Ndugu, mupe bibi yako habari, nibalete mwezi hii. Utanilipa nusu, ingine utanilipa polepole. Kule haiko muzuri." Papa Anselme akacheka. "Deni wakati wa vita? Nikikufa, bibi yangu abaki na deni yako? Hapana, mwenzangu. Zamu yangu iko karibu. Nitakulipa yote mara moja, kama mwanaume." Hata likelemba ya wapakiaji wa magunia, iliyokuwa ya kweli kabisa, ilimwita kuingia, akakataa. "Mutu hakulaki zamu mbili," alisema, "watasema niko na tamaa." Dirisha lilikuwa wazi. Kichwa changu kilikuwa karibu nao hata moshi wao ulinikohoza. Nikajifanya naandika.

Najiuliza mpaka leo, je, wakati ule nilikuwa najua? Nilijua nusu, na nusu nyingine nilikataa kuitazama. Lakini ilikuja siku ya kutokuwa na kisingizio. Tulikuwa mezani, mvua inapiga mabati, mke wa Patroni anachambua mfupa kwenye samaki. Alikuwa mama mpole, mwenye kupenda kuhesabu mambo ya mbele. "Papa," akamwambia mume wake, "hawa watu ba tanuru banazungumuzia Pasaka. Ile feza ya Kese iko ngapi?" Patroni akaendelea kutafuna. "Iko wapi? Tulishaikula, mama. Unga ya mwezi ule barabara ilifungwa, ulizani ilitoka mbinguni? Na bale ba bunduki banabebaka mikate kila asubuhi, ulizani nani anabalipia?" Mke wake akasema, "Ai, Yesu." Patroni akanigeukia, na sikuona uchokozi usoni pake, niliona uchovu. "Mamzele, mambo ya hii meza yanabaki hapa kwa meza. Ongeza samaki." Mkono wangu ukaenda wenyewe mpaka kwenye sahani. Njaa sikuwa nayo. Nikala yule samaki nikijua alinunuliwa kwa fedha za nani, na kesho yake mchana nikavuta kiti changu tena.

Nilikuwa na majuma kadhaa kabla ya Pasaka. Ningeweza kumwita pembeni, "Papa Anselme, chukua lile lori la deni." Sheria yote niliyoijua isingehitajika. Nilijizoeza maneno hayo nikifagia chumba changu, nikiwa kanisani, nikitembea. Kila asubuhi alipofika dirishani nilisema, "Hesabu iko sawa, Papa," naye akasema, "Aksanti, mamzele."

Jumamosi ya baada ya Pasaka alikuja amenawa, hana unga hata kwenye nyusi, shati jeupe lililopigwa pasi ya makaa. Kwa desturi ya likelemba, anayekula zamu anawanunulia wenzake cha kunywa, kwa hiyo alikuwa amekopa kreti ya soda, ameiweka kivulini uani, na wenzake walikuwa wamesimama kuizunguka wakitaniana, "Leo Boga imekuwa Amerika!" Alichukua chupa ya kwanza, akaifungua kwa meno, akaiweka kwenye meza yangu. "Ya mamzele, ju yeye njo alituelezea." Kisha akasimama wima, mikono mbele, kama anayengoja komunyo. Patroni akatoka stoo. "Kuna nini hapa? Soda ya nini?" Kijana wa kukanda akajibu kwa furaha, "Ni zamu ya Papa Anselme, Patroni. Likelemba ya Kese." Patroni akakunja uso. "Likelemba gani? Nani alisema likelemba? Ile ni kitu ya serikali. Ni sheria. Mamzele! Weye njo ulibaambia ni likelemba?"

Wote wakanigeukia. Bado nayaona macho ya Papa Anselme: hayakuwa na wasiwasi wowote, yalikuwa yanangoja niseme ndiyo, mambo yaendelee. Nikasikia sauti yangu, nyembamba, ya Kifaransa kwanza, jamani, nilianza kwa Kifaransa ili nisisikike vizuri, kisha kwa Kiswahili: "Hapana. Nilisema ni sheria, kila mutu anakatwa. Papa Anselme njo hakuelewa. Hakusoma." Kijana wa kukanda akafungua mdomo, akamtazama Patroni, akaufunga. Kazi ilikuwa haipatikani mjini, na yeye pia alikuwa na tumbo. Masikio ya Papa Anselme yalikuwa yamewaka. Kisha akainamisha kichwa, mtu mzima yule, mbele yangu mimi. "Samahani, mamzele," akasema. "Ni masikio yangu. Nimekuaibisha mbele ya Patroni." Akapokea mshahara wake, uliokatwa kama kawaida, akaweka kidole. Wenzake walikunywa soda zile kwa sababu zilikuwa zimeshafunguliwa.

Jumatatu hakuja kazini. Dereva rafiki yake alikuwa amekwama upande wa Komanda, barabara imefungwa, basi alikuwa ameondoka kwa miguu kwenda Boga. Patroni alinung'unika kwamba mtu hawezi kuacha tanuru hivihivi bila kuaga, na akaniambia nizuie malipo ya siku alizokuwa bado anadai. Nilizuia. Hilo pia nilifanya.

Haukupita muda mji ukapasuka kabisa. Sitasimulia yale, waliokuwapo wanajua na wasiokuwapo wamesimuliwa vya kutosha. Patroni na mke wake walipata ndege. Kwenye ndege hapakuwa na kiti changu. Mimi nilikwenda Beni kwa miguu pamoja na watu wa kanisa, kupitia msitu, miguu imevimba, na tulipofika tuliwekwa kwenye uwanja wa shule moja, familia kwa familia, kila moja na mafiga yake. Niliuguza miguu, na nilipoweza kutembea nikaanza kuzunguka kutafuta watu wa Bunia. Ilikuwa mchana, jua kali. Nyuma ya darasa la mwisho nikamwona mtu mrefu amechutama, anapuliza moto chini ya sufuria, anaupuliza kwa ujuzi, taratibu, kutoka pembeni. Nikamjua kwa mgongo. Nilitaka kurudi nyuma, lakini alikuwa ameshageuka.

"Mamzele! Mungu ni mukubwa! Uko muzima!" Akasimama, akanishika mikono yote miwili. Nikamuuliza habari za nyumbani, kwa sababu ndivyo watu wanavyoulizana, mdomo unauliza wenyewe. Akasema alifika Boga amechelewa. Wenye bunduki walikuwa wamepita kabla yake. Watoto walijificha shambani, Mama Neema hakuwahi. "Nilikuta balishamuzika," akasema, na akaokota kijiti, akasukuma kuni ndani. Nilipiga hesabu mwenyewe, pale pale nimesimama. Ndiyo kazi niliyosomea. Lori la deni lingekuwa limekwenda na kurudi muda mrefu kabla ya Pasaka.

Nikaanza, "Papa Anselme, ile mambo ya zamu…" Akanikatiza haraka, kama mtu anayemfunika mwenziwe uchi. "Wacha, mamzele. Ilishapita. Sikuwa na akili ya mambo ya biro." Kisha akaita kuelekea darasani, na watoto wakaja, msichana na mdogo wake wa kiume, wembamba, vumbi mpaka kwenye kope. "Mukuje hapa. Huyu njo mamzele wa kazi yetu ya Bunia. Alitufundishaka sheria, ni miye njo sikusikia muzuri. Mumusalimie na heshima." Msichana akafuta kiganja kwenye gauni lake, akanipa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, jinsi mama yake alivyomfundisha. Mdogo akamwiga. Patroni hakuwapo. Kiti cha kupoteza hakikuwapo. Duniani kote hapakuwa na mtu wa kuniogopesha pale, ila watoto hao wawili, na ukweli ulikuwa umefika kwenye meno. "Yambo, watoto," nikasema. "Mumusikiage papa yenu." Wakaitika, "Ndiyo, mamzele." Papa Anselme akafunua sufuria, maharage yalikuwa machache, akamwambia msichana anipakulie mimi wa kwanza.